Mwalimu Hashushiwi Mzigo

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na nina hasira. Nayatanguliza hayo mawili ili msije mkanilaumu baadaye. Hasira zenyewe si za kupiga mtu. Ni zile za kununa, za kubeba kitu kizito peke yangu huku nikinung'unika kwamba hakuna wa kunisaidia, na akitokea wa kunisaidia namwambia aache, nitabeba mwenyewe. Kama hamjawahi kuishi na mtu wa namna hiyo, shukuruni.

Kwetu bara, ofulodi ni neno la kila siku. Limetoka Uingereza likazoea, sasa linakula ugali kama sisi. Lori la viazi likifika sokoni, vijana wanaofulodi. Dada yangu akichoshwa na watoto wake, wanaanza likizo Ijumaa na Jumamosi ananiofulodia wote wanne, mmoja akiwa na surua. Kanisani ikitakiwa kamati ya mazishi, ya harusi, ya kununua sufuria, macho yote yananigeukia mimi. "Wewe huna mume wa kukusumbua," wananiambia, kana kwamba mume ndiyo ruhusa ya kupumzika! Basi barua ilipokuja kwamba napelekwa kufundisha kisiwa cha Ndau, wenzangu walinipa pole, mimi nikaenda chooni nikacheza. Kisiwa! Maji pande zote! Nani atanifuata huko kuniofulodia?

Nilifika Ndau mchana, maji yamekupwa. Boti ikakwama mbali, nchi kavu iko kule, na katikati ni maji ya magoti na tope. Sijakaa sawa nikaona watu wametoka ufukweni wanakuja mbio, wanaume kwa wanawake, wengine wamekunja suruali, wakaivamia boti. Mmoja akakamata godoro langu. Mwingine akaupandisha mtungi wangu wa gesi begani. Mama mmoja alikuwa tayari ameshaondoka na sanduku langu kichwani.

Sasa mimi nimelelewa na stendi za mabasi za bara. Huko mtu akishika mzigo wako bila kukuuliza, unapiga kelele kwanza, maswali yatafuata polisi. Nikapiga kelele. Nilipaliwa na hofu nikapiga kwa lugha ya mama yangu: wezi, wezi, wezi! Hakuna aliyeelewa, ila waliona mambo ni mazito, wakasimama. Hapo Kiswahili kikanirudia. "Msiguse! Wekeni chini! Nitabeba mwenyewe!"

Yule wa godoro alikuwa mtu muungwana. Aliambiwa aweke chini, akaweka chini. Tatizo ni kwamba tulikuwa baharini.

Godoro la inchi sita likanywa maji mpaka likakataa kuinuka. Nilienda na kurudi mara saba, mara ya mwisho nikiliburuta godoro kama ng'ombe asiyetaka kuchinjwa. Njia nzima midomo inanicheza, namtukana aliyeniandikia barua, aliyevumbua bahari, na dada yangu, ambaye hakuhusika. Watu walikaa ufukweni kimya wakinitazama. Nikajua wananicheka. Usiku ule nililala kwenye sakafu, nikilia.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyegusa mzigo wangu. Ndau kila kitu huja kwa boti: unga, saruji, bati, kitanda cha bi harusi. Na desturi yao ni moja: boti ikifika, yeyote aliye karibu anaingia majini na kushusha kilichopo, cha nani hakiulizwi, asante haidaiwi. Nikienda Lamu mwisho wa mwezi na kurudi na vitu vyangu, watu wanakuja vilevile, wanashusha vya kila abiria mpaka kuku wa mtu, kisha vyangu wanavipanga vizuri ukingoni mwa boti na kuviacha. Siku moja mgeni kutoka Mkokoni aliinua ndoo yangu, watu watano wakampigia kelele kwa pamoja. Akairudisha kana kwamba imemwunguza. Nikasema moyoni, kumbe! Wananichukia mimi hadi ndoo yangu.

Basi nami nikanuna. Wakishuka majini kushusha ya wenzao, mimi napita zangu na kiroba changu, shingo imesimama. Miaka mitatu na nusu.

Tabu ni kwamba nina mama, na Mama ana simu. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia, na swali lake ni lile lile. "Huko una watu?" Kwake mtu bila watu ni maiti anayetembea. Nikamwambia ninao, tena wengi. "Nani anakubebea vitu vyako ukitoka mjini?" Nikamwambia wote, Mama, hata kijiko hawaniachii nibebe. Uongo ni kama kuku, ukimpa nafasi anataga. Baada ya mwaka nilikuwa na kisiwa kizima kinachogombea kunibeba, na Mama anasimulia akina mama wa kanisa.

Lakini Mama si mtoto. Sauti yangu kwenye simu ilimwambia kitu. Akapata kujua kwamba karibu na kwetu kuna mwalimu mzaliwa wa pwani anayetaka kurudi kwao, na kwamba walimu wawili wakikubaliana wanaweza kuomba wabadilishane vituo. "Nakuja kujionea," akasema. "Nikikuta una watu, nitafunga mdomo wangu. Nikikuta huna, tunarudi wote wawili."

Mnaweza kusema mimi ni mtu mzima, ningekataa. Hamumjui mama yangu. Alinisomesha kwa kuuza viazi mvua na jua, na akisema jambo huwa limekwisha, mimi hutafuta tu viatu. Nami sikutaka kuondoka Ndau. Nasema wazi. Nilikuwa nimekipenda kile kisiwa kilichoninunia. Nilipenda darasa langu la gredi ya sita, lililosoma Kiingereza kwa sauti kama linaita samaki. Nilipenda Bi mwenye nyumba wangu, mjane aliyekaa chumba cha mbele, ambaye kila Ijumaa aliniwekea dirishani kipande cha mkate wa sinia na kuondoka bila neno. Nilikuwa nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kurudi kwetu ilikuwa ni kurudi kwenye surua na kamati za sufuria.

Siku nne kabla Mama hajafika, nikawa nafundisha maneno ya kazi, na zamu ikawa ya hilohilo ofulodi. Nikawaandikia ubaoni maana zake. Kushusha shehena. Kumtwika mwenzako usichokitaka. Kumwaga yaliyo moyoni. Askari mmoja aliyepita dirishani kutafuta samaki akachungulia akaniambia bunduki nayo hutolewa risasi kwa neno la jamii hiyohiyo, anlodi. Nikamshukuru, nikafunga dirisha. Kisha nikawaambia watoto kila mmoja atunge sentensi.

Wakatunga. Mmoja aliofulodi simenti. Mwingine alimwofulodia kaka yake kazi ya kuchota maji. Nikafika kwa msichana mmoja wa mbele, mwenye akili za kutisha na mwandiko wa kuku. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba wao huwaofulodi watu wote wa kisiwani isipokuwa mwalimu, kwa sababu ya nadhiri yake.

Nikaisoma mara mbili. "Nadhiri gani?"

"Nadhiri yako, Mwalimu."

"Yangu ya nini?"

"Ya kubeba mwenyewe. Siku ile ulipokuja ulikuwa ukisoma dua ndia nzima, watu waliona midomo. Ukaapa usishushiwe mzigo na mtu mpaka Mungu akupe unachoomba."

Nikauliza, "Kwani naomba nini?"

Msichana akaangalia meza. Wakajibu wote kwa pamoja, kama wanavyosoma mashairi: "Mume, Mwalimu!"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwapa kazi ya kuchora boti nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Miaka mitatu na nusu nimewanunia watu ambao kosa lao lilikuwa kuiheshimu dini yangu! Mimi nilidhani wananitenga. Wao walidhani mimi na Mungu tuna mazungumzo, wasiingilie. Na ile dua waliyoiona midomoni mwangu ilikuwa matusi ambayo hata nyuma ya tangi sikuweza kuyarudia.

Dawa ilikuwa rahisi. Nimwambie mtu mmoja tu kwamba hakuna nadhiri, kisiwa kitajua kabla ya alasiri. Nikaenda kwa Bi mwenye nyumba jioni ile. Nilimkuta anachambua mchele.

"Bi," nikaanza, "kuna jambo la siku nilipofika."

"Ahaa, la nadhiri," akasema, uso ukang'aa. "Hatimaye umetaka kulinena. Mwanangu, sisi tumekuombea Ramadhani tatu. Mimi nawaambia wenzangu, huyu mtoto imani yake si ndogo, kubeba mtungi wa gesi vile! Ila hebu niambie, ni wa namna gani unayemtaka? Huenda tunakosea kumtaja."

Nikamtazama. Mama wa watu ameacha usingizi wa Ramadhani tatu kuniombea mume. Nimwambieje kwamba sikuwa na nadhiri, nilikuwa nawaita wezi? Nikasema, "Mrefu kidogo."

"Mrefu," akasema, akitikisa kichwa. "Tutalirekebisha hilo."

Nikarudi chumbani nikajipiga kibao. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, wahenga walisema, na mimi mkizi nilikuwa ndani ya kikapu tayari. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho. Ijumaa nikapata wazo la mtu mwoga: nikawauliza wavuvi maji yatakuwaje Jumamosi, siku ya Mama kufika. Wakaniambia saa mbili asubuhi yatakuwa yamejaa, boti itakaribia kabisa, mtu anateremka bila kulowesha vidole. Basi! Mama atateremka mwenyewe, nitachukua mkoba wake, tutatembea kwa madaha, hatakuwa na haja ya kushushwa na yeyote. Niliufurahia ujanja wangu nikapika pilau.

Kumbe boti imeharibika injini baada tu ya kutoka Lamu. Mama alikuwa amelala Wiyoni, pale Lamu mjini, kwa mama mmoja wa kanisa lao, akaamka alfajiri, akapanda boti kwa mara ya kwanza maishani, na injini ikazima. Walielea mpaka ikatengenezwa. Saa mbili ikapita, saa sita ikapita, na maji nayo yakaanza kuondoka. Yalikuwa maji ya bamvua, yale ambayo yakijaa yanajaa kweli na yakitoka yanahama kabisa. Boti ilipoonekana baada ya adhuhuri, mbele ya kijiji hakukuwa na bahari. Kulikuwa na tope linalometameta mpaka huko.

Ikakwama. Watu wakatoka mbio kama kawaida. Nikasimama ufukweni kwa gauni langu la kijani, nikaangalia desturi ikifanya kazi yake. Walishusha magunia. Walishusha mabati. Walimshusha mzee mmoja mgongoni, wakamshusha mama mwenye mtoto, wakashusha televisheni ya mtu imefungwa blanketi. Kisha wote wakarudi ufukweni wakifuta jasho.

Ndani ya boti akabaki Mama. Amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, amefungua mwavuli, ameketi juu ya gunia la viazi, na mkononi ana kikapu ambamo jogoo ametoa kichwa anashangaa. Mama yangu ni mtu wa mwili. Kwetu akikaa kwenye benchi la kanisa, wa upande wa pili wanainuka kidogo.

Nahodha akaniita kutoka huko, kwa fahari: "Mwalimu! Huyu amesema ni wako! Tumemwacha kama desturi yako, wallahi hakuna aliyemgusa!"

Na Mama, kwa sauti inayosikika hadi Somalia: "Wee mtoto! Mbona hawa wananikwepa? Ninanuka?"

Niliingia majini na gauni langu. Nilifika nikamwamkia, hakuitikia. Aliniangalia mimi, akawaangalia watu ufukweni, akaniangalia tena. Nikamwambia, "Panda mgongoni, Mama." Akasema mgongo gani. Nikamwambia apande tu. Nahodha alikuwa amegeuka upande wa pili kwa heshima, asiingilie ibada.

Akapanda. Na jogoo, na mwavuli. Nilipiga hatua moja nikamwona babu yangu marehemu. Nilipiga kumi, sijui kwa nguvu za nani. Ya kumi na moja mguu wa kulia ukaingia kwenye tope mpaka gotini, wa kushoto ukaufuata, na tukasimama. Kwenda mbele haiwezekani, kurudi nyuma haiwezekani, kumweka chini ni kumzika. Mama alianza kuimba wimbo wa mazishi taratibu. Jogoo akawika.

Kisha Mama akakatiza wimbo, akaniinamia sikioni. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwanangu," akasema kwa lugha yetu, "watu wako wako wapi?"

Niliwaona. Walikuwa wamejipanga pale ufukweni, kijiji kizima, hatua mia moja kutoka nilipo. Bi mwenye nyumba alikuwa ameshika mdomo. Yule wa godoro alikuwa anapiga hatua moja mbele na kuirudisha. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, Mama atanirudisha nyumbani na atakuwa na haki.

Nikafungua mdomo. Yakatoka yote kwa mkupuo, kwa Kiswahili cha bara kisicho na haya.

"Sina nadhiri! Mnanisikia? Sikuwahi kuwa na nadhiri! Siku ile nilidhani mnaniibia! Niliwaita wezi kwa lugha ya kwetu! Na ile haikuwa dua, nilikuwa natukana! Nimewanunia miaka mitatu bure, nisameheni! Wala siombi mume! Njooni mtushushe, tunazama!"

Ufukweni watu walitazamana. Hata jogoo alifikiri.

Bi mwenye nyumba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akainama, akakaa chini kwenye mchanga, akainuka, akakusanya buibui lake mpaka magotini na kuingia topeni akilia machozi. "Ramadhani tatu!" alikuwa akisema. "Jamani, Ramadhani tatu! Ndooni, ndooni nyote!" Na wote wakaja. Walikuja wakicheka na kusukumana, wengine hata sikuwajua. Mtu akaleta kiti cha plastiki kutoka dukani, wakamkalisha Mama, wanne wakambeba juu juu, naye akafungua mwavuli na kuanza kusalimia kulia na kushoto, "Bwana asifiwe, Bwana asifiwe," na wao wakiitikia "Alhamdulillahi." Mimi nilivutwa na watatu, nikatoka bila viatu. Yule wa godoro alichukua gunia la viazi begani, na aliponipita akaniuliza kwa adabu kabisa, "Hili niweke wapi, Mwalimu? Nisije nikakosea tena."

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikalia kidogo, lakini nilikuwa nimelowa, haikuonekana.

Jioni chumba cha Bi kilijaa wanawake waliokuja kumwona Mama na kuniona mimi nisiye na nadhiri. Kila aliyeingia alitaka nirudie yale maneno ya topeni. Mama alikunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, akatoa nduma na viazi vyake vikagawanywa, na alikuwa na furaha ya nje. Mimi namjua. Alikuwa anasubiri.

Wengine walipoondoka akamgeukia Bi. "Mama mwenzangu, usinifiche. Miaka mitatu na nusu mwanangu hakushushiwa hata ndoo. Kwa hiyo hapa hana watu."

"Astaghfirullahi!" Bi akasema. "Nani kasema? Tulikatazwa kushika mzigo, hatukukatazwa kushika boti." Akaeleza, kana kwamba ni jambo la kawaida tu, kwamba kila mwisho wa mwezi nilipokuwa narudi kutoka Lamu, yeye na wenzake walimwagiza nahodha asinilete maji yakiwa yametoka. Asubiri huko nje, azunguke, ajifanye anarekebisha kitu, mpaka maji yapande na boti ikaribie, ili niwe na hatua chache za kubeba. Abiria wote walijua na wote walivumilia. Leo tu ndiyo hawakupata nafasi, sababu ya injini, na nahodha hakujua yule mama wa mwavuli ni wa Mwalimu mpaka amekwama.

Mara ngapi nilikaa kwenye boti ile nikimtolea nahodha maneno? Nilimwita mzembe mbele ya abiria wake. Kuna siku nilimtisha kwa barua, na yeye akainamisha kichwa akaendelea kuzungusha usukani polepole, na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mapajani akaniambia, subira, Mwalimu. Sasa nikaelewa alikuwa anamsubiria nani.

Mama akaweka kikombe chini. Kisha akamwuliza Bi swali ambalo sikulitarajia. "Na yeye? Boti za wenzake amezishusha ngapi?"

Bi alikuwa mtu wa kweli. Akachukua birika, akalifunua, akatazama ndani kama kuna jibu limezama humo. "Chai imepoa," akasema, akaondoka nayo.

Mama akanigeukia. "Nimekuja mbali kuuliza kama una watu. Kumbe nimeuliza vibaya. Hawa watu, wana wewe?"

Nilikuwa nimekimbia nchi nzima ili nisitwikwe mzigo wa mtu, na nilifaulu. Nilifaulu sana. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata kule topeni.

"Boti yangu ni Jumatano," Mama akasema, akivua kitambaa chake. "Siku tatu zote nitalala. Siku hiyo nitaamka na kutazama."

Jumatano boti ilikuja maji yakiwa nusu. Sikumngoja mtu. Nilikuwa majini mpaka kiunoni kabla nahodha hajazima injini, peke yangu, nimekunja gauni na kulifunga kwa leso. Aliniangalia. Nikamwomba radhi kwa maneno yote ya miaka mitatu, pale pale, maji yanatupiga. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua gunia la vitunguu, akaniwekea begani bila huruma yoyote. La nani? Hadi leo sijui.

Nilienda na kurudi mara nyingi. Nilibeba mafuta ya kupikia, nilibeba mlango, nilibeba mtoto wa mtu aliyenitapikia mgongoni. Wengine walikuwa wameshaingia, tukawa tunapishana, wananitania, mmoja akiniuliza yule mrefu kidogo amefika na boti ipi. Mama alikuwa ufukweni amekaa kwenye kiti cha dukani, na kila nikipita ananipigia kelele kwamba nimeshika vibaya, niinamishe magoti, sivyo alivyonifundisha kubeba viazi.

Boti ilipobaki tupu tukambeba yeye, wanne, mimi nikiwa kwenye mguu wa nyuma wa kiti. Nahodha akampokea, akachungulia ufukweni, akaniuliza mizigo ya kupakia ni mingapi, maana aliambiwa huenda abiria ni wawili. Nikamtazama Mama. Alikuwa anatafuta pa kuweka mwavuli wake, hakugeuka hata kunitazama.

"Ni mimi na mkoba," akamwambia nahodha. "Huyo mwache, ana kazi."